Kingamoto, Si Ukuta wa Moto

Kila kompyuta ya Windows inayouzwa leo huja na programu ambayo mwenyewe haioni ikifanya kazi, ila siku anaposakinisha programu nyingine, tuseme mchezo au programu ya kubadilishana mafaili, na kisanduku kikajitokeza kumwambia kuwa baadhi ya kazi za programu hiyo zimezuiwa. Humo kuna nafasi mbili za kutia tiki, moja ya mitandao binafsi na nyingine ya mitandao ya umma, kisha kuna kuruhusu au kughairi. Anayeulizwa swali hilo si fundi. Ni mwalimu anayeandaa mitihani, ni mwanafunzi, ni mwenye duka anayepiga hesabu za mwezi, na mara nyingi huruhusu kila kitu ili aendelee na kazi yake. Kwa Kiingereza programu inayouliza huitwa firewall, na kwa Kiswahili wengi wameizoea kwa jina la ukuta wa moto. Naona jina hilo linamtupa mtumiaji pale hasa anapohitaji kushikwa mkono, kwa sababu halimwambii nini kinazuiwa wala kwa nini. Kiswahili kina njia yake ya kuunda jina linalotaja kazi yenyewe, na jina ninalolitetea ni kingamoto. Nitalitumia tangu sasa, na sababu zake zitafuata.

Tuanze na kitu kilichoazimwa jina. Katika ujenzi, ukuta wa aina hii ni ule unaotenganisha nyumba na nyumba, au sehemu moja ya jengo na nyingine, ukiwa wa mawe au matofali ili moto ukiwaka upande mmoja usivuke kwenda wa pili. London iliteketea mwaka 1666, na sheria ya kuujenga upya mji huo, iliyopitishwa mwaka 1667, ililazimisha nyumba zijengwe kwa matofali au mawe badala ya mbao, pamoja na kuta za kati zinazotenganisha jirani na jirani. Baadaye jina hilo likahamia kwenye magari na ndege, kwa lile bati linalotenganisha injini na chumba cha abiria. Popote lilipotumika, ukuta huo haukuwahi kuahidi kwamba moto hautawaka. Ahadi yake ni kwamba moto hautasambaa. Mafundi wa mitandao walipolichukua neno hilo mwishoni mwa miaka ya 1980, walikuwa na hofu hiyohiyo ya kusambaa. Tarehe 2 Novemba 1988 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, Robert Morris, aliachia programu iliyojinakili yenyewe kutoka mashine hadi mashine na kuzilemaza kompyuta nyingi za intaneti changa ya wakati ule. Programu ya namna hiyo huitwa mnyoo, na hutofautiana na kirusi kwa kuwa haingoji mtu afungue faili, inatembea yenyewe. Kufikia mwaka 1994, William Cheswick na Steven Bellovin wa maabara za Bell walikuwa wamechapisha kitabu kizima kuhusu kuzuia hatari za intaneti kwa njia hii.

Namna inavyozuia inastahili kutazamwa kwa karibu, kwani hapo ndipo jina zuri au baya hupatikana. Kompyuta iliyo kwenye mtandao ina anwani yake, na kwenye anwani hiyo kuna milango yenye namba, kuanzia 0 hadi 65,535. Milango hii haigusiki. Ni namba zinazoiwezesha kompyuta kujua ujumbe uliofika ni wa programu ipi. Data husafiri kwa mafungu madogo yaitwayo pakiti, na kila pakiti hubeba kichwani mwake anwani ya itokako na ya iendako, pamoja na namba za milango ya pande zote mbili. Tuseme mtu anafungua tovuti ya gazeti. Kivinjari chake kinachukua mlango mmoja usiotumika, labda 51512, na kutuma pakiti ya kwanza kwenye mlango 443 wa seva ya gazeti, ambao ni mlango wa kawaida wa tovuti zinazosimba mawasiliano. Kingamoto inalitia tukio hilo katika jedwali lake: mazungumzo haya yameanzishwa kutoka ndani. Seva ikijibu, pakiti zake zinalinganishwa na jedwali, zinaonekana ni sehemu ya mazungumzo yaliyopo, zinapita. Wakati huohuo inafika pakiti nyingine kutoka anwani isiyojulikana, ikiulizia mlango 445, ambao Windows huutumia kushirikisha mafaili na printa. Jedwali halina mazungumzo hayo, wala hakuna kanuni inayoruhusu mlango huo katika mtandao ule. Pakiti inatupwa, na aliyeituma haambiwi hata kwamba amekataliwa. Kwa sehemu kubwa, kazi ya kingamoto ya nyumbani ni hiyo: kutenganisha mazungumzo tuliyoyaanza wenyewe na yale ambayo wengine wanataka kuyaanza nasi.

Uzito wa kazi hiyo ulidhihirika kwenye kompyuta za nyumbani kati ya mwaka 2001 na 2004, na sijui ushahidi mwingine ulio wazi kuliko huo. Windows XP ilipotoka Oktoba 2001 ilikuwa na kingamoto ndani yake, lakini ilikuja imezimwa, tena imewekwa ndani ya mipangilio ya mtandao, mahali ambapo mtumiaji wa kawaida hana sababu ya kufika. Tarehe 16 Julai 2003 Microsoft ikatangaza kasoro katika huduma ya Windows inayosikiliza mlango 135, na kutoa kiraka chake siku hiyohiyo. Wiki nne hazijatimia, tarehe 11 Agosti, mnyoo ulioitwa Blaster ukaanza kusambaa kwa kuitumia kasoro hiyo. Haukumtaka mtu afungue barua pepe wala abonyeze chochote. Ulitaka kompyuta iwe imewashwa, iwe kwenye intaneti, haijawekwa kiraka, na mlango 135 uwe unampokea yeyote abishaye. Ukishaingia uligeuka papo hapo na kuanza kujaribu anwani nyingine. Kwenye mashine nyingi dalili ilikuwa kisanduku kilichohesabu sekunde 60 kurudi nyuma, kisha kompyuta ikajizima na kujiwasha upya. Aliyejaribu kupakua kiraka angeweza kukatizwa na mashine yake kabla hajamaliza. Lakini mtu ambaye kingamoto yake ilikuwa imewashwa, pakiti za Blaster zilimfikia zikatupwa, hata kama kiraka hakuwa nacho. Tarehe 30 Aprili 2004 ukafuata mnyoo wa Sasser, uliopitia mlango 445 kwa mtindo uleule. Agosti mwaka huo Microsoft ikatoa toleo kubwa la marekebisho ya Windows XP, linalojulikana kama Service Pack 2, na humo kingamoto ikawa inawashwa yenyewe. Kinga ilikuwepo tangu siku ya kwanza. Kilichokosekana kwa karibu miaka mitatu ni kuitambua kuwa ni ya kila mtu.

Sasa lipime jina la ukuta wa moto kwa mambo hayo. Msikilizaji wa Kiswahili akisikia ukuta wa mawe, ukuta wa udongo, ukuta wa matofali au ukuta wa mabati, anajua kinachofuata baada ya «wa» ndicho kilichojengea ukuta. Kwa mazoea hayo, ukuta wa moto ni ukuta uliojengwa kwa moto, kitu kinachomuunguza anayekaribia. Moto umehama upande. Katika ujenzi ulikuwa hatari inayozuiwa, hapa umekuwa silaha ya mlinzi. Mtetezi wa jina hili ana hoja moja nzito, na haifai kuipita. Atasema kwamba kiunganishi hicho hakitaji malighafi peke yake: twasema dawa ya mbu na hatumaanishi dawa iliyotengenezwa kwa mbu, twasema koti la mvua na chanjo ya surua, na kila mara kinachotajwa ni kile kinachopigwa vita. Ni kweli. Lakini tazama nomino zinazotangulia. Dawa na chanjo zimebeba maana ya kupambana na kitu hata kabla hujataja kitu chenyewe, na koti halishonwi kwa mvua, kwa hiyo msikilizaji hana mahali pa kupotelea. Ukuta hauna msaada huo. Ni neno ambalo swali la kwanza juu yake huwa ni «wa nini?», na jibu huwa jina la kitu cha kujengea. Tena picha nyingi zinazoambatana na istilahi hii huonyesha matofali yanayowaka. Anayetaka kuokoa tafsiri hii husema ukuta wa kuzuia moto, na hapo maana inarudi sawasawa, lakini kwa maneno manne ambayo hayatabaki manne yakianza kutumika kila siku. Yatakatwa, na yakikatwa tutarudi kwenye ukuta wa moto.

Wapo wanaopendelea ngome, na neno hilo lina heshima yake katika pwani yetu, kutoka Ngome Kongwe ya Zanzibar hadi Ngome ya Yesu ya Mombasa. Liliifaa zaidi hali ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati kampuni au chuo kilipoweka kifaa kimoja kwenye njia ya kuingilia na kuziamini mashine zote zilizo nyuma yake. Udhaifu wa fikra hiyo ni kwamba inamfanya aliye ndani ajione salama kwa yote. Ngome ya Yesu ilizingirwa na Waomani kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, na waliokuwamo waliangamizwa zaidi na maradhi kuliko mizinga. Mnyoo wa WannaCry, ulioanza tarehe 12 Mei 2017 na kuvuruga hospitali nyingi za Uingereza, ulienea vivyo hivyo ndani ya mitandao ya taasisi: kompyuta moja ikishaambukizwa, jirani zake zilipokea pakiti kwenye mlango 445 kana kwamba zimetoka kwa mwenzao wa kuaminika. Kiraka cha Windows kilikuwa kimetolewa tangu Machi. Kompyuta ya nyumbani haina jeshi nyuma yake. Inahitaji kinga yake yenyewe, hata dhidi ya kompyuta iliyo chumba cha pili.

Lugha nyingine kadhaa zilizokutana na neno hili hazikuufanya ukuta uwake. Wafaransa wanasema pare-feu, yaani kizuia moto, na ndilo neno linalowafikia Waswahili wa Kongo na Burundi wanaosoma Kifaransa. Wahispania walichukua cortafuegos, kikata moto, neno la ile njia inayofyekwa msituni ili moto ukifika ukose cha kula. Wachina wameunda jina linalosema ukuta wa kujikinga na moto. Katika Kiarabu kuna wanaosema ukuta wa kimoto, wakaangukia shimo letu, na kuna wanaosema jidar al-himaya, ukuta wa hifadhi, ambao ndio unaotumika kwenye Windows ya Kiarabu. Si lazima tumfuate yeyote kati yao, lakini inafaa kuona kwamba waliofaulu waliweka kitenzi cha kuzuia ndani ya jina.

Kiswahili kinajua kufanya hivyo tangu zamani. Kikosi cha kuzima moto tunakiita zimamoto: kitenzi, kisha kinachotendewa, bila kiunganishi chochote. Kingamoto imeundwa kwa kalibu hiyohiyo. Tena kitenzi kukinga kinaleta kitu ambacho kuzuia hakina. Kwa miaka mingi lugha ya afya imewafundisha wasemaji wa Kiswahili tofauti ya kinga na tiba. Mtu anaelewa kwamba chanjo inapunguza hatari ya kuambukizwa na haimponyi aliyekwisha kuugua, na kwamba aliyechanjwa bado ananawa mikono. Matarajio hayo ndiyo hasa anayopaswa kuwa nayo mbele ya kompyuta. Kingamoto haifuti programu hasidi iliyokwisha kuingia, haihukumu kama faili ulilolipakua ni jema, wala haichukui nafasi ya kusasisha mfumo. Inapunguza njia za maambukizi kutoka mashine hadi mashine. Kisanduku kingeweza kuandikwa hivi: «Kingamoto imezuia kompyuta nyingine zisianzishe mawasiliano na programu hii. Je, unaziruhusu katika mtandao wa nyumbani? Katika mtandao wa umma?» Mwalimu yule anaweza kulijibu swali hilo. Printa yake iko nyumbani, basi nyumbani aruhusu. Kwenye Wi-Fi ya hoteli au ya stendi hana mtu wa kumkaribisha, basi asiruhusu.

Msomaji mjuzi wa pwani ataleta pingamizi ambalo wataalamu wa kompyuta hawatalifikiria. Kinga katika Kiswahili cha zamani ni pia kijinga, kipande cha ukuni kinachowaka, na methali inasema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Je, kingamoto haitasikika kama kuni inayowaka, yaani kinyume kabisa cha tunachokitaka? Pingamizi hili nalipenda kwa sababu linatoka ndani ya lugha. Jibu lake nalo limo humo humo. Zima ni pia kivumishi chenye maana ya ukamilifu, kama katika nyumba nzima na mtu mzima, na hakuna anayesikia zimamoto akadhani ni moto uliokamilika. Kalibu ya kitenzi na kinachotendewa imekwisha kumwelekeza msikilizaji kabla utata haujazaliwa. Zaidi ya hapo, kinga ya ukuni leo imebaki zaidi katika methali, wakati kinga ya kujilinda inatajwa kila siku zahanati, shuleni na redioni.

Pingamizi nyingine ni za watu wa fani, na zinahusu kitu chenyewe. Wanasema ruta ya nyumbani tayari inazuia, kwa kuwa kompyuta kadhaa zinatumia anwani moja ya nje, na pakiti isiyoitwa na mtu haina pa kwenda. Hilo ni sahihi kwa wanaobisha kutoka nje. Halisemi lolote juu ya simu, televisheni na kompyuta nyingine zilizo ndani ya Wi-Fi hiyohiyo, wala halimfuati mwenye kompyuta mpakato anapotoka nayo kwenda mkahawani au bwenini. Wengine wanasema mlango usio na programu inayousikiliza hauhitaji kulindwa. Ndiyo sababu mfumo endeshi wa Ubuntu, ambao kwa kawaida huja bila huduma zinazosikiliza mtandao, humwachia mwenyewe aiwashe kingamoto yake, iitwayo ufw. Hoja hiyo inafaa siku ya kwanza. Baada ya miezi sita ya kusakinisha hiki na kile, ni wachache wanaojua ni milango ipi inasikiliza. Pingamizi linalonigusa zaidi ni kwamba kingamoto nayo ni programu, na programu huwa na kasoro. Machi 2004 mnyoo wa Witty ulishambulia bidhaa za ulinzi za kampuni moja, zikiwemo kingamoto za kompyuta za watu binafsi, ukaingia kwenye takriban mashine 12,000 na kuanza kuandika takataka juu ya data kwenye diski zao. Walioumia ni wale waliokuwa wameweka ulinzi. Kutokana na hilo nachukua ushauri mmoja: mtu wa nyumbani atosheke na kingamoto iliyokuja na mfumo wake, inayosasishwa pamoja na mfumo huo, kuliko kurundika ya pili na ya tatu kutoka kwa wauzaji asiowajua.

Kuna pia madai yanayotoka upande wa pili, ya wanaoitaka kingamoto ifanye kila kitu. Kwa kawaida kingamoto ya Windows huzuia mawasiliano yanayoanzishwa kutoka nje na kuyaacha yanayotoka ndani yaende. Mtu akidanganywa akafungua programu hasidi kwa mkono wake, programu hiyo itazungumza na bwana wake kupitia mlango 443, mlango uleule wa gazeti, na kingamoto haitaona la ajabu. Ujumbe wa «ile hela tuma kwenye namba hii» unaozunguka katika simu zetu hauna pakiti ya kutupwa. Unamlenga mtu, na mtu ndiye anayetuma fedha. Anayeamini amezungukwa na ukuta wa moto ana sababu ya kujisahau mbele ya mambo hayo. Anayejua ana kinga ya aina fulani, dhidi ya maambukizi ya aina fulani, ana sababu ya kuendelea kuwa macho.

Mwisho kuna anayesema watu wote husema fayawoli, na kwamba istilahi zinazoundwa mezani hufa mezani. Baadhi hufa kweli. Ngamizi haikufika mbali mbele ya kompyuta. Lakini kivinjari kimekubalika, kikitokana na kuvinjari, na kishikwambi kimeingia hata kwenye habari za sensa ya Tanzania ya mwaka 2022. Mafundi wakiwa wenyewe kwa wenyewe wataendelea na fayawoli, na hakuna ubaya. Istilahi hii inamhitaji zaidi yule asiyekuwa fundi, anayeulizwa aruhusu au aghairi.

Likikubalika, litadai jamaa zake. Kinga huenda katika ngeli ya I-ZI, kwa hiyo tutasema kingamoto imewashwa, kingamoto zimesasishwa. Masharti yake yaitwe kanuni, nazo ni za namna mbili, kanuni za kuingia na kanuni za kutoka. Na zile namba 65,536 ziitwe milango. Kuna tafsiri zinazoziita bandari, kwa sababu neno moja la Kiingereza hubeba maana zote mbili, na anayesoma kwamba bandari 445 imefungwa ana haki ya kujiuliza meli zimeenda wapi.